Kuisoma Bili ya Picha za Retina Nchini Marekani

Mwenye kisukari akianza kuona ukungu, daktari wa macho huweza kuagiza picha za mishipa ya damu ya retina. Anachomwa sindano ya fluoresini mkononi, na baada ya sekunde chache rangi imeshafika jichoni. Kamera inapiga picha mfululizo, na pale mshipa unapovuja panang'aa. Ngozi huwa ya njano kwa saa kadhaa, mkojo nao hubadilika rangi hadi kesho yake au zaidi. Hayo yasikutishe. Ukiwashwa mwili, ukivimba au ukipumua kwa shida, mwambie muuguzi papo hapo.

Kinachowahangaisha wengi wetu ni bahasha inayofuata.

Tuanze na kichupa. Fluoresini ya sindano huja kwa asilimia 10 katika mililita 5, au asilimia 25 katika mililita 2. Zote mbili zina miligramu 500 za dawa, kwa hiyo aliyechomwa ya kichupa kidogo hakupunjwa. Kwenye lebo kuna namba ya dawa, NDC, yenye sehemu tatu: kampuni, dawa na nguvu yake, kisha ufungashaji. Ndiyo maana tarakimu za mwisho za boksi huweza kutofautiana na za kichupa kilichomo. Lebo huwa na tarakimu 10 na bili hutaka 11, basi sufuri huongezwa mbele ya sehemu iliyopungua. Ni dawa ileile.

NDC haitaji bei. Kipimo chenyewe hudaiwa kwa namba 92235, na tangu 2017 namba hiyo ni moja tu, lipigwe picha jicho moja au yote mawili. Kipimo cha rangi ya kijani, indosyanini, ni 92240. Vikifanyika vyote viwili kwa pamoja, 92242. Kwa wenye Medicare, rangi hailipiwi peke yake, imo ndani ya malipo ya kipimo.

Basi ukikuta 92235 imeandikwa mara mbili, moja RT kwa jicho la kulia na nyingine LT kwa la kushoto, uliza. Lakini usikimbilie kulalamika kabla hujatazama vizuri: ikiwa moja ina 26 na nyingine TC, huenda hakuna kosa. Ya 26 ni ya daktari aliyesoma picha. TC ni ya mashine, vifaa na mhudumu.

Kabla ya kulipa, piga simu ofisi ya bili uombe mchanganuo wa kila huduma. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bure, kwa hiyo usimbebeshe mtoto wako kazi hiyo. Kama huna bima, tangu Januari 2022 una haki ya kupewa makadirio ya maandishi kabla ya kipimo kilichopangwa. Yatunze. Mtoa huduma akikudai dola 400 au zaidi juu ya makadirio yake, unaweza kuipinga bili ndani ya siku 120 kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake.