Pikipiki Ndani ya Pikapu

*Bwana Mhariri, nataka kuipeleka pikipiki yangu Lushoto kwa pikapu ndogo, nami nachelea isije ikaanguka katika kona za mlimani. Niifungeje? — Msomaji, Tanga*

Hofu yako, ndugu yangu, ni ya haki, lakini ina dawa. Kwani pikipiki aghalabu huanguka kwa kusimamishwa juu ya stendi yake, ambayo gari likitikisika huteleza, au kwa kufungwa kamba moja tu, ilhali uzito wake hupita kilo 100.

Basi ipandishe kwa ubao mpana, injini imezimwa, watu wawili wakikusaidia. Tairi la mbele liegemee ukuta ulio nyuma ya dereva, koki ya petroli ifungwe, na gia ya kwanza iingizwe. Kisha ufunge mikanda miwili, kulia na kushoto, chini ya usukani, ukiivuta mbele na chini hata springi zibonyee kiasi cha nusu, na mingine miwili izuie nyuma isiyumbe. Ukifika Mombo, kabla ya kuanza kupanda, simama uikaze tena, kwa kuwa mikanda hulegea njiani.

Ama ikiwa mzigo wapita kiasi kilichoruhusiwa gari hilo, usithubutu: mtafute mwenye gari kubwa zaidi.