Maana ya "Mchawi" na "Mganga"

Ndugu zetu, leo twapenda kueleza maneno mawili. Wakamba, tangu Kasikeu hata Kitui, humwita muoi yule adhuruye watu kwa siri, na mundu mue yule atibuye na kuagua. Kwetu pwani ni mchawi na mganga. Maneno haya hayabagui mume na mke. Ila ndimi za watu humwelekea ajuza. Hata neno naffathat la Suratul-Falaq, yaani wapulizao mafundoni, japokuwa lina sura ya kike, wako wafasiri waliosema ni nafsi za waume kwa wake.

Mwaka 1932 Wakamba 60 walihukumiwa kifo kwa kumwua mwanamke waliyemwita muoi. Basi tusimtwike mtu jina hilo kwa dhana. Uchawi ni haramu, na kumsingizia asiye na hatia ni haramu vile vile.