SOMO LA UFUNDI: Kanuni za Mitambo ya Joto na Baridi

Safari hii tunajifunza kuhusu kazi ambayo vijana wetu wanaiulizia sana: ufundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto na kuipoza. Tunachukua mfano wa Marekani, kwa kuwa ndugu zetu wengi wa Kongo walihamia huko, katika majimbo kama Kentucky na Texas, na kazi hii ipo karibu katika kila mji. Tuseme wazi kwanza: mpango wa nchi hiyo wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, kwa hiyo somo hili si ahadi ya safari kwa mtu yeyote. Hata hivyo, sehemu yake moja inatuhusu sisi tulio hapa, tena usiku wa leo.

Anayeanza huko hukutana na karatasi mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha serikali kuu cha kushika gesi ya friji na viyoyozi, kinachoitwa Section 608. Mtihani wake una sehemu ya msingi, halafu sehemu tatu za aina za mashine: friji ndogo, mashine za shinikizo kubwa, na zile za shinikizo dogo. Kila sehemu ina maswali 25, na mtu hupita akipata 18. Cheti hiki hakiishi muda wake. Ni marufuku kuiachia gesi hewani kwa makusudi. Lazima ivutwe na kuwekwa kwenye mtungi. Tena gesi zinabadilika: tangu 2025 viyoyozi vingi vipya vya nyumbani huko vinatumia R-32 au R-454B, ambazo zinaweza kushika moto kidogo. Fundi aliyezoea za zamani inambidi ajifunze upya.

Karatasi ya pili ni leseni ya kazi yenyewe. Hii hutolewa na jimbo, na mahali pengine na mji, na masharti hayafanani. Kentucky, kwa mfano, ina leseni ya fundi wa kawaida na ya fundi mkuu. Pennsylvania haina leseni ya jimbo zima kwa kazi hii. Kwa hiyo usifuate maneno ya jirani aliyetoka jimbo lingine; uliza ofisi ya pale unapoishi.

Mtihani wa leseni hugusa kanuni za mitambo. Kitabu kinachotumika sana ni International Mechanical Code, ambacho hutolewa upya kila baada ya miaka 3. Mitambo ya gesi ya kuwaka ina kitabu chake, International Fuel Gas Code. California hufuata kitabu kingine, Uniform Mechanical Code. Kitabu peke yake si sheria mpaka jimbo au mji ukipitishe, na mji unaweza kuwa bado unatumia toleo la miaka iliyopita. Ukisomea toleo lisilotumika kwenu, utajibu vizuri na bado utakosa.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa, nalo ni hewa. Moto wowote hula hewa. Ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na akiwa amelala huenda asiamke kabisa. Hii ndiyo sehemu inayotuhusu. Mbabula yenye makaa ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa baridi hutoa sumu hiyohiyo, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Usilale nayo ndani. Itoe nje kabla ya kulala, na ukimkuta mtu amelegea, mtoe haraka kwenye hewa safi na kutafuta msaada wa hospitali.

Huko Marekani kanuni huipima hewa hiyo kwa hesabu. Kwa njia ya kawaida, kila BTU 1,000 za mtambo kwa saa zinahitaji futi 50 za ujazo wa chumba. Chukua chumba cha futi 20 kwa 15, dari futi 8: ujazo wake ni 2,400. Ndani kuna tanuru ya gesi ya BTU 80,000 na kichemshio cha maji cha 40,000, jumla 120,000. Zidisha 120 kwa 50, utapata 6,000. Chumba hakitoshi.

Hapo hufunguliwa matundu mawili kwenda chumba cha jirani kwenye ghorofa hiyohiyo, ili ujazo wa vyumba vyote ufike 6,000. Tundu moja huanza ndani ya inchi 12 kutoka juu, la pili ndani ya inchi 12 kutoka chini. Kila moja huwa na inchi 1 ya mraba kwa kila BTU 1,000, lakini kamwe lisipungue inchi 100. Kwetu ni 120 kila moja. Angalia: hiyo ni nafasi wazi. Ukiweka wavu wa vipande vya chuma, na ukubwa wa uwazi wake haujulikani, huhesabiwa robo tatu tu, hivyo tundu liwe inchi 160.

Mengine ni mepesi kukumbuka. Bomba la kutoa maji ya kiyoyozi lisipungue robo tatu ya inchi, na lishuke angalau moja ya nane ya inchi kwa kila futi. Mbele ya mtambo uliowekwa darini iachwe nafasi ya inchi 30 kwa 30, fundi apate pa kukaa.

Zoezi: chumba cha futi 12 kwa 10, dari futi 8, tanuru ya BTU 60,000. Je, kinatosha, na matundu yawe na ukubwa gani?

Jibu: ujazo ni 960, unaotakiwa ni 3,000, hakitoshi. Chumba cha jirani kiwe na 2,040 au zaidi, na kila tundu liwe na inchi 100 za mraba zilizo wazi, si 60.