Dondoo Muhimu kwa Mtafiti Chipukizi
Mhadhiri msaidizi, ambaye mchana hufundisha na usiku huandika tasnifu, na ajitengee kila alfajiri, kabla ya kufungua barua zake, walau saa moja ya kuandika, wala asiiruhusu shughuli yoyote kuidhulumu, kwa kuwa kazi ya ilimu iliyoachiwa masalio ya siku ni nadra kutimia.

Kibali cha utafiti, ambacho nchini Kenya hutolewa na tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi (NACOSTI), akiombe mapema, mara aipatapo idhini ya kamati ya maadili.

Ajiandikishe katika sajili ya watafiti ya ORCID, bila malipo, apate nambari ya tarakimu 16 itakayomtambulisha popote, hata jina lake likifanana na la mwingine, jambo la kawaida kwetu sisi turithio majina ya mababu.

Ajihadhari na majarida yaahidiyo, kwa ada, kuchapisha ndani ya siku chache, maana makala ikishatolewa humo ni taabu kuiokoa.

Tena, na hili nalisisitiza kuliko yote, awe na mwandani asiye msimamizi wake, wa kumfunulia dhiki. Na usingizi ukimhama majuma mawili mfululizo, amwendee tabibu bila ya kuona haya.