Insha ya Mashine Mezani: Mhadhiri Afanyeje?

Programu ya kubaini akili mnemba inasema asilimia 80 ya insha ya mwanafunzi wangu imeandikwa na mashine. Nimpe sifuri?

Usimpe. Asilimia hiyo ni makisio tu, haimtii mtu hatiani. OpenAI, waliotoa ChatGPT Novemba 2022, walileta kibainishi chao Januari 2023. Kwa maelezo yao wenyewe, kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai wakakiondoa. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kikazima kibainishi cha kampuni ya Turnitin baada ya kupiga hesabu: hata kikikosea kazi 1 kati ya 100, kwa kazi 75,000 za mwaka 2022, kazi 750 zingetuhumiwa bure.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha kwenye vibainishi saba insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihesabiwa kuwa za mashine, kwa sababu vibainishi hushuku msamiati unaotabirika. Sasa mfikirie binti wa Sumbawanga aliyeanza na Kifipa, akaja Kiswahili, na leo anaandika asaimenti kwa Kiingereza. Anashika maneno machache anayoyaamini. Kumwita mwizi kwa hilo ni dhuluma.

Basi nitajuaje?

Mwite, kazi ikiwa mezani. Mwulize hoja ya ukurasa wa tatu ameitoa wapi, na kwa nini ameacha ile inayoipinga. Mruhusu ajibu kwa Kiswahili. Aliyeiandika atasitasita, atarudi nyuma, lakini atafika. Kisha fungua marejeo. Programu za kuandika, kama ChatGPT, wakati mwingine hutunga makala zisizokuwepo, zikazipa mwandishi, jarida na hata namba za kurasa. Zitafute mbili tatu. Makala isiyokuwepo ina uzito ambao asilimia haina. Omba pia rasimu. Aliyeandikia Google Docs ana historia ya matoleo.

Akikiri?

Fuata kanuni za chuo, usimhukumu peke yako ofisini.

Turudi kwenye mtihani wa karatasi tu?

Kwa baadhi ya kozi, sawa. Lakini tasnifu haiandikwi kwa saa tatu. Chuo Kikuu cha Sydney kimegawa upimaji mara mbili: unaosimamiwa ana kwa ana, na ule ambao akili mnemba inaruhusiwa. Njia hiyo naiunga mkono. Najua darasa la watu 400 halihojiwi lote. Hoji wachache kwa kura, na rasimu ziwe na alama.

Wahadhiri wenzangu, kabla muhula haujaanza, andikeni kwenye muhtasari wa kozi kinachoruhusiwa na kinachokatazwa, mkawasomee wanafunzi siku ya kwanza.