Hofu, Sindano na Hiari ya Mtu



Huku Magamba na Mpanda kwa jumla, tukitaja ulevi tunafikiria pombe ya kienyeji na bangi. Heroini ya kujidunga tunaihesabu kuwa shida ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Lakini vijana wetu huenda huko kutafuta kazi, na wengine hurudi. Tena suala lenyewe linagusa somo letu la maadili: kwa nini mtu anayejua kwamba sindano iliyotumika inaambukiza VVU na homa ya ini, bado anaitumia?

Wengi hujibu haraka kwamba ni ujinga. Jibu hilo halitoshi. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakizungumza na wanawake watumiaji wa heroini jijini Dar es Salaam waliripoti jambo la kutisha. Mwanamke aliyekwisha kujidunga alivuta damu yake kwenye bomba la sindano, akampa mwenzake asiye na fedha, naye akajidunga damu hiyo. Waliamini imebaki na unga wa kutosha kumtuliza. Kwa daktari, ni vigumu kupata njia fupi zaidi ya kupitisha virusi. Kwao wenyewe lilikuwa tendo la huruma: rafiki ameshikwa na arosto, hawawezi kumtazama tu akiteseka.

Arosto ni hali inayompata mraibu dawa inapoisha mwilini. Kwa heroini huanza ndani ya siku moja: jasho, makamasi, viungo kuuma, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi, na wasiwasi mkubwa. Tusiupite huo wasiwasi upesi. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na huanza kumtesa mtu hata kabla maumivu hayajafika, kwa sababu anayakumbuka ya jana. Mwenye hofu hiyo hapimi mambo ya miaka kumi ijayo. Bomba safi liko duka la dawa, lililotumika liko mkononi mwa mwenzake. Anachukua la karibu. Juu yake kuna hofu ya polisi, maana bomba mfukoni linaweza kumponza, hivyo halibebi, na hujidunga kwa haraka gizani. Kisha kuna hofu ya aibu, inayomzuia kwenda kupima. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona uhusiano huo: wenye wasiwasi na sonona nyingi zaidi ndio huelekea zaidi kushirikiana sindano. Nayo maambukizi, yakishaingia, huongeza wasiwasi.

Sasa twende darasani. Katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, Aristotle anamtaja nahodha anayetupa shehena majini wakati wa dhoruba. (Wasafiri wa mitumbwi ya Karema hawahitaji kuelezwa mfano huu.) Hakuna anayetupa mali yake kwa kupenda, ila kwa saa ile amechagua kuitupa. Tendo limechanganyika: lina hiari ndani yake, na lina kulazimika. Mtakatifu Thomas anafuata njia hiyo anapozungumzia hofu, na mahali pengine anauweka wasiwasi miongoni mwa aina za huzuni: ule uzito unaoibana roho hata mtu asione pa kukimbilia. Sijapata maelezo ya arosto yaliyo karibu zaidi na hayo, ingawa Thomas hakuwahi kuiona heroini.

Je, tunamfutia mtu kosa? Hapana. Katekisimu, namba 2291, inayaita matumizi ya dawa za kulevya kosa zito, isipokuwa kwa sababu za tiba tu. Lakini namba 1735 inafundisha kwamba hofu, mazoea na kulazimishwa vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtenda, hata kuuondoa. Tusome namba zote mbili. Kwa maoni yangu, mahubiri ya kuwatisha waraibu kwa UKIMWI na moto yanakosea hapa: yanamwongezea hofu mtu ambaye tayari hofu ndiyo inayoushika mkono wake.

Tiba ya methadoni inaanzia upande mwingine. Ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Dawa hukaa mwilini zaidi ya saa 24, arosto haiji, na sindano inakosa sababu. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi naona ni kumtoa nahodha kwenye dhoruba kwanza, ndipo umuulize kuhusu shehena. Akishatulia anaweza kuchagua, na ndipo ushauri, kitubio na kazi vinapopata mtu wa kuzungumza naye.

Kliniki hizo ziliongezeka baadaye: Mwananyamala, Temeke, na mikoani pia. Ile ya Mbeya iko upande wetu wa nchi. Kutoka Mpanda hadi huko, kupitia Sumbawanga, ni safari ya kutwa nzima kwa basi, na dozi hunywewa kila siku.