Pesa ya Duka Sio Pesa ya Nyumba

Jana kibanda kiliuza vizuri, lakini asubuhi pesa ya kwenda sokoni haitoshi. Imeenda wapi? Mara nyingi ni tokeni za stima, nauli ya mtoto na mchango wa chama, zote zimetoka kwenye simu inayopokea malipo ya wateja. Ili biashara isile nyumba, na nyumba isile biashara, fanya hivi:

1. Tenganisha pesa. Wateja walipe kwa namba ya till ama Pochi la Biashara. Pesa yako ya kawaida ikae kando.

2. Jilipe mshahara. Tuseme umeuza bidhaa za shilingi 4,000. Toa 3,100 za kurudisha stoki na 300 za kodi na usafiri. Faida ni 600. Jilipe 400 pekee, 200 weka akiba.

3. Funga hesabu kila jioni. Dakika 10 zinatosha. Linganisha daftari na meseji za malipo. Andika pia keshi na madeni, kwa sababu simu haivioni.

4. Pumzika bila wasiwasi. Ukifanya hivyo siku 6, akiba inafika 1,200. Siku ya 7 funga kibanda, ujilipe 400 kutoka hapo. Nyumba itakula, wewe utapumzika, na bado utabaki na 800.

Siku zingine mauzo yatakuwa chini, kwa hivyo weka mshahara unaoweza kubebwa hata na siku mbaya. Leo jioni kabla ya kufunga, amua: wako ni pesa ngapi?